Mama Katuni wa Issuna

Mwaka 1999, mwanamke wa miaka thelathini alifukuzwa mbele ya runinga kwa kosa la kuangalia katuni.

Sio sinema ya ngumi. Sio mpira. Katuni ya panya anayeendesha treni.

Aliyefukuzwa ni mama yangu mzazi.

Naona siku hizi mnapandisha picha za vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi, mnaandika utoto ulikuwa mtamu, mnaweka vikopa. Sawa, wekeni. Ila kwetu ile saa tatu ya Jumamosi haikuwa utamu tu. Ilitikisa ukoo mzima. Leo nawapa yote kwa mkupuo, bila kukatisha njiani.

Nitamwita kwa jina lake, Damari. Yeye mwenyewe kasema niliandike. Anasema miaka ile aliitwa Mama Shukuru, au shemeji, au "wewe hapo", na jina lake likakaa bila kazi.

Shukuru ni mimi.

Basi twende Issuna, barabara ya kutoka Singida kwenda Manyoni.

Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mwenye mtaji anauza, asiye na mtaji anaangalia. Duka la ushirika lilikuwa limebaki mabati na popo. Ng'ambo yake kulikuwa na duka la Fabiano, limejaa sabuni za rangi tatu, biskuti, betri na mashati ya mitumba.

Fabiano alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Damari. Mimi namwita baba mkubwa. Alikusanya kuku na alizeti vijijini, akasafirisha Dar, na kutoka huko Dar akarudi na vitu vitatu ambavyo Issuna haikuwahi kuviona kwenye nyumba moja: jenereta, runinga, na dishi pana kuliko paa la banda letu la kuku.

Mume wa Damari, yaani baba yangu, aliitwa Obadia. Alikuwa amepunguzwa kazi kama wengi wa wakati ule. Januari 1999 akafunga begi, akaenda machimboni upande wa Kahama kutafuta maisha.

Damari akabaki na mimi, nikiwa na miaka sita, kwenye uwanja mmoja na Fabiano. Mke wa Fabiano alikuwa ameshaenda kwao Mgori akagoma kurudi, kaacha watoto wawili. Na bibi yetu Sara, mama yao Fabiano na Obadia, nyonga zilikuwa zimemwisha. Hatoki kitandani bila kushikwa.

Kwa hiyo nani anapika? Damari. Nani anamwogesha bibi? Damari. Nani yuko shamba la alizeti jua likichomoza? Mnamjua.

Sasa, barua.

Barua za Obadia zilikuja kwenye sanduku la posta la Fabiano, Singida mjini. Damari alikuwa hajui kusoma. Alitolewa shule darasa la pili, baba yake alipougua, akakabidhiwa mbuzi. Ukubwani akasikia kuna darasa la ngumbaru la watu wazima, alipolifuata akakuta limekufa, ubao umegeuzwa mlango wa zizi.

Basi Fabiano ndiye aliyesoma. Anakaa kwenye kiti, anafungua bahasha, anakohoa.

"Anasema hajambo. Anasema kazi ni ngumu. Anasema ukae, umtunze mama, na unisikilize mimi."

Anakunja karatasi, anaitia mfukoni.

Damari aliiona ile karatasi. Ilikuwa imejaa wino pande zote mbili.

"Shemeji, ndiyo imeisha?"

"Imeisha. Hayo mengine ni salamu tu."

Utasema si angemwomba mtu mwingine amsomee. Angeanzia wapi? Barua yenyewe haikubaki mkononi mwake. Na kumpelekea mtu baki barua ya mumeo wakati shemeji yako yupo ilikuwa sawa na kusimama sokoni kutangaza kwamba shemeji ni mwongo.

Ule wino wa pande mbili haukumtoka kichwani.

Runinga ilikuja mwezi wa sita.

Jumamosi asubuhi Fabiano aliwasha jenereta ili kuchaji betri za watu, na kwa kuwa moto upo, akawafungulia watoto sebule. Alipenda uwanja wake ujae. Tulinawa miguu kwenye beseni, tukaingia mmoja mmoja, tukaketi kwenye mkeka magoti yakigusana. Harufu ya petroli inaingia dirishani. Picha ikileta chenga, mtu anatoka kuzungusha dishi huku wengine tunapiga kelele, "Hapo hapo, acha."

Kipindi kilikuwa na mtangazaji, dada mmoja wa Dar mwenye sauti ya kicheko. Anti Belinda. Kwanza anaandika herufi ubaoni. Halafu inakuja katuni, yule panya na treni lake. Mwishoni anasoma barua za watoto wanaosalimia ndugu zao.

Jumamosi moja Damari alipita pale sebuleni na ufagio. Anti Belinda alikuwa anaandika.

"Da," akasema. "Dada. Dawa. Damu."

Mimi, kiherehere wa zamani, nikasema kwa sauti, "Da ya Damari."

Mama akasimama. Akaangalia ule ubao ndani ya kioo. Halafu akauweka ufagio ukutani, akaketi mkekani, nyuma yangu, miguu kainyoosha kama sisi.

Hajamaliza hata dakika kumi, Fabiano akatokea kwenye mlango wa dukani.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Naangalia."

"Hicho ni kipindi cha watoto."

"Nimeona."

"Mke wa mtu unakaa chini na watoto kuangalia panya? Watu wanapita, wanatuonaje? Hebu inuka, nenda kazini."

Watoto tukacheka. Na mimi nilicheka, nakiri. Damari akainuka, akachukua ufagio wake, akatoka.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Safari hii hakukaa nyuma. Alipita katikati yetu akaketi mbele kabisa, uso kwa kioo.

Fabiano akaja juu. Damari hakugeuka.

"Shemeji," akasema, "leo alfajiri nimefagia sebule hii, nimefuta na hiyo runinga yako vumbi. Hukuniambia nitoke. Nikiwa na ufagio naruhusiwa kuingia, nikiketi ndiyo nakuaibisha?"

Pale nje walikuwapo watu wamekuja na betri zao. Wanasikiliza kila neno. Fabiano akayageuza kuwa mzaha.

"Mwacheni. Ndipo akili yake ilipoishia."

Kufikia Jumatatu, Issuna nzima ilishampa jina. Mama Katuni.

Kisimani mtu akiita kwa kejeli, "Mama Katuni," yeye anaitika "Abee," anaendelea kuteka maji. Baada ya mwezi mmoja utani ukaisha ladha. Utamtania vipi mtu anayeitika?

Na Jumamosi hata moja hakukosa. Alipanga wiki yake yote ielekee pale. Alipika usiku wa Ijumaa ili asubuhi awe huru. Wakati wa palizi aliingia shamba bado giza, saa tatu kasoro unamwona anakuja mbio na matope miguuni, ananawa kwenye lile lile beseni letu.

Akirudi nyumbani anachukua mkaa, anaandika nyuma ya mlango. Ba be bi bo bu. Anafuta na mkono, anaandika tena. Herufi R aliigeuza kila siku, ikawa inaangalia nyuma.

Januari 2000 nikaanza darasa la kwanza. Daftari langu likawa letu. Alisoma mifuko ya chumvi, akasoma makopo ya dawa ya mbu, akasoma tangazo la chanjo pale zahanati, midomo ikicheza, kidole kikitembea.

Aprili ikaja barua. Fabiano akaifungua, akaiangalia muda mrefu.

"Anasema hajambo."

"Basi?"

"Basi."

Siku ile hakumtazama usoni. Na baada ya pale, barua zikakatika.

Mwezi wa sita, siku moja ya jua kali, bibi Sara akamwita.

"Mama Shukuru."

"Abee, mama."

"Godoro hili linanuka. Nitoe nje, halafu ulitoe na lenyewe likaote jua."

Damari akamshika, akamkalisha kwenye kigoda kivulini. Akarudi ndani, akavuta godoro.

Juu ya kamba za kitanda kulikuwa na bahasha nne.

Fabiano alikuwa amempa mama yake azihifadhi. Aliona hakuna mahali salama kuliko chini ya mwanamke asiyejua kusoma, kitanda kinachotandikwa na mwanamke mwingine asiyejua kusoma.

Damari akaokota ya juu. Nje imeandikwa kwa wino wa buluu. Akaweka kidole.

Kwa mke wangu Da-ma-ri.

Akakaa chini pale pale, kwenye sakafu.

Kuzisoma barua nne kulimchukua siku mbili. Anti Belinda alifundisha herufi zilizosimama, Obadia aliandika zimeshikana na kulala. Alikwenda nazo shamba, akaketi katikati ya alizeti ambapo hakuna jicho, akafungua neno moja baada ya lingine kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Ya kwanza ilisema: nimepata chumba. Mkimaliza kuvuna, njoo na Shukuru.

Ya pili: kaka ameniandikia kwamba umesema huwezi kuja. Kwa nini? Hapa kwa mama lishe kuna runinga, Jumamosi tukitoka zamu tunaangalia katuni za watoto. Watu wazima tunacheka kama wendawazimu. Namkumbuka Shukuru.

Ya tatu: nimewangoja stendi siku tatu kabla ya Krismasi. Nilimwambia kaka awapandishe basi.

Ya nne ilikuwa fupi.

Kaka amesema umekataa kabisa, na hutaki nikuandikie tena. Basi. Naondoka hapa, tunahamia machimbo mengine. Sitaandika tena. Nitunzie mama yangu.

Miezi kumi na minane. Mume yuko huko anaamini amekataliwa. Mke yuko huku anaamini amesahauliwa. Na katikati yao kuna kiti kimoja, na mtu mmoja anakohoa kabla ya kusoma.

Damari alizifunga barua kwenye pindo la kanga. Akarudi nyumbani, akasonga ugali, akamlisha bibi. Hakusema kitu.

Msidhani aliogopa. Alikuwa anafikiri. Akimvaa Fabiano, Fabiano ataruka, atasema mwanamke kachanganyikiwa na katuni. Akiandika barua, aipeleke wapi? Anwani ya zamani Obadia keshaihama. Machimbo mapya hajui hata jina.

Utampataje mtu ambaye hujui alipo?

Jibu alilipata kwenye barua ya pili. Alilisoma mara tatu ndipo akasimama.

Jumamosi. Mama lishe. Runinga.

Anwani ya kipindi ilitokea mwishoni, sekunde chache tu, halafu inapotea. Damari aliinakili kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu ya risasi. Haikushika. Wiki iliyofuata akaja na karatasi, akapata nusu. Wiki ya tatu akamaliza.

Barua akaandika mwenyewe, kwenye ukurasa aliochana katikati ya daftari langu. Akaipeleka kwa Mwalimu Scholastika wa pale shuleni, aliyekuwa anakwenda mjini kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu akaisoma. Akavua miwani.

"Mama Shukuru, niache nikuandikie upya, vizuri. Hizi herufi hawatazielewa."

"Mwalimu, asante. Ila ukiiandika wewe itakuwa na yenyewe imesemwa na mtu mwingine. Ipeleke hivyo hivyo."

Ikaenda hivyo hivyo.

Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mtoto wa Tanga anamsalimia shangazi yake. Ya nne mtoto wa Mbeya. Damari anakaa mbele, mikono kwenye magoti, kipindi kikiisha anainuka anaenda kazini.

Jumamosi ya sita, Agosti. Sebule imejaa. Anti Belinda kainua karatasi ya daftari.

"Hii inatoka Singida, kijiji cha Issuna."

Sebule ikalipuka. Sisi kutajwa kwenye runinga? Watoto tunarukaruka mkekani.

Fabiano akasikia kule dukani. Akaja mbio, uso umefunguka kwa furaha, na kabla hajafika akageuka kuwaita wateja wake.

"Njooni, njooni msikie. Issuna inatajwa. Kwenye runinga yangu hapa, Issuna inatajwa."

Wakaingia watu kumi hivi. Akawapanga mwenyewe wapate kuona. Mzee Isaka, mzee wa kanisa, akapewa kiti.

Anti Belinda akaanza kusoma. Na alivyosoma, kile kicheko chake kikawa kinapungua, kinapungua.

"Anti, mimi naitwa Damari. Nina miaka 31. Sio mtoto lakini kusoma nimejifunza kwako. Namsalimia mume wangu Obadia yuko machimboni sijui wapi."

Tukaketi tena mkekani.

"Obadia, barua zako zote nne nimezisoma mwenyewe. Mimi sikukataa kuja. Hakuna siku niliyoulizwa."

Fabiano akaanza kusogea kuelekea mlango wa nje. Jenereta lilikuwa nje. Akizima, maneno yanakatika.

Damari alishafika mlangoni. Kasimama, mkono mmoja kwenye fremu huku, mwingine kule.

"Hupiti hapa, shemeji. Ngoja iishe."

"Nipishe."

"Umenisomea barua mwaka mzima na nilikungoja umalize. Leo na wewe ningoje."

Mzee Isaka hakupandisha hata sauti. "Fabiano, kaa. Tumekuja kusikia."

Na Anti Belinda anaendelea, hajui chochote cha Issuna, anasoma tu.

"Aliyekuandikia nimekataa sio mimi. Shukuru hajambo, meno yameota mapya. Kama unasikia, njoo uniulize mwenyewe. Ni mimi Damari."

Anti Belinda akaigeuza ile barua, akaionyesha kwenye kamera. Mwandiko wa mama yangu, R zote zinaangalia nyuma, nchi nzima inauona.

"Hii sio barua ya mtoto," akasema. "Lakini amejifunza kwangu. Kwa hiyo ni wa kwangu huyu. Obadia, popote ulipo, umeulizwa."

Panya na treni lake wakapita kufunga kipindi. Hakuna aliyecheka.

Watu wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemsemesha Fabiano. Chumvi na sabuni walizokuja kununua wakaziacha.

Siku ile ile akaifunga sebule kwa kufuli. Watoto wote wa Issuna tukakosa Jumamosi. Damari naye akafunga la kwake: chakula cha watoto kilipikwa, cha bibi kilipikwa, cha Fabiano hakikupikwa. Alikula biskuti za dukani kwake mpaka midomo ikamchubuka.

Tukae tukijua pia kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika wa chochote. Huenda Obadia hakusikia. Huenda alikuwa ameshaoa. Nilimuuliza mama jioni moja, "Kama baba hakusikia?"

"Mimi nimejisikia," akasema. "Kalale."

Kule machimboni, tulikuja kujua baadaye, Obadia kweli hakusikia. Alikuwa ametoka zamu, kalala kama gogo. Aliyekuwa kwa mama lishe ni mwenzake wa zamu, mtu wa Iramba, jina lake Ezekieli. Kaacha sahani ya wali mezani, kakimbia mpaka chumbani, kamvuta mguu.

"Amka. Mkeo anakuita kwenye runinga."

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, basi la kutoka Singida likasimama. Akashuka mtu mwembamba, begi begani. Mimi sikumtambua.

Akaingia uwanjani. Akamsalimia kwanza mama yake aliyekuwa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Halafu akamgeukia Damari, aliyekuwa anapepeta ulezi na hakuacha kupepeta.

"Nimekuja kukuuliza," akasema Obadia.

"Utauliza. Kwanza nijibu wewe. Uliandikiwa nimekataa, ukaamini. Miezi yote hiyo, basi lipo, barabara ipo. Kwa nini hukuja kunitazama usoni?"

Obadia akashika begi lake kama mgeni.

"Niliona aibu. Niliona ni kwa sababu sina kazi ya maana."

"Na mimi niliachwa nione nini?"

Sifa nitakayompa baba yangu ni hii, hakutunga jibu.

Fabiano akatoka dukani. Obadia akalitupa begi chini, akamfuata, ngumi imeshakunjwa. Mdogo anakwenda kumpiga mkubwa wake, jambo ambalo kwetu halifutiki.

"Mwache," akasema bibi Sara.

Obadia hakusikia.

Bibi akasema tena, kwa Kinyaturu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mwache kaka yako. Ni mimi niliyemwambia."

Kila mtu akasimama.

"Mama, nyamaza," Fabiano akasema.

"Nimenyamaza sana." Bibi aliangalia mikono yake. "Barua ya kwanza alitaka kuisoma yote. Ni mimi niliyemkataza. Nilimwambia, huyu akiondoka, mkeo kaenda, binti sina, nitaoza kwenye kitanda hiki. Nikamwambia mfiche. Akaficha. Kosa lake ni kunisikiliza."

Mimi nilikuwa nategemea mama apige kelele. Hakupiga. Aliweka ungo chini.

Bibi akamwangalia. "Ila siku ulizonikalisha karibu na moto, nilikuona unaandika majivuni pale jikoni. Nikajua umeshaweza. Unadhani godoro lile lilikuwa linanuka?"

Ndugu zangu, huyo ndiye bibi. Mkono uliofunga ndio uliofungua, na hata leo sijui nimpende kwa upi.

Damari akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ungeniomba nikae."

"Ungekataa."

"Pengine ningekataa. Pengine ningekubali. Lakini ningesema mimi."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Hakuomba msamaha kwa maneno, akamshika tu mkono na hakuuachia mpaka jua likazama.

Kesho yake Damari akaweka masharti, amesimama katikati ya uwanja, wanaume wote wawili wanamsikiliza. Ataondoka, lakini ataondoka akishavuna ulezi wake wote, sio siku ambayo basi la mtu limefika. Fabiano ajifunze kupika uji na kusonga ugali wa mama yake, atafundishwa. Kuhusu kumwogesha, aende Mgori akampigie magoti mkewe. Na sebule ifunguliwe Jumamosi hiyo hiyo.

"Sebule ni yangu," Fabiano akajaribu.

"Barua niliiandika mimi, sio watoto," Damari akasema. "Fungua."

Akafungua.

Mkewe alirudi kutoka Mgori kwa masharti yake mwenyewe, na hiyo ni stori yake, siwezi kuisimulia kwa niaba yake.

Sisi tulihamia upande wa Kahama mwezi wa kumi. Damari akaendelea kusoma, akawa katibu wa kigango, miaka tisa anaandika kumbukumbu za vikao kwa mkono wake. Kila alipokwenda Issuna alikaa kando ya kitanda cha bibi akamsomea barua za Obadia, neno kwa neno, pande zote mbili. Bibi alifariki mwaka 2004. Fabiano hajawahi kuomba radhi. Wanasalimiana.

Funzo sasa, maana najua mnalisubiri.

Kama kuna mtu anakusomea maisha yako, awe ndugu, awe mchungaji, awe mume, na unaona karatasi imejaa lakini maneno ni matatu, usimgombeze. Jifunze kusoma. Ikibidi kaa chini na watoto, ikibidi uchekwe, ikibidi upewe jina. Itika hilo jina na uendelee kuangalia kioo. Atakayecheka atachoka kabla yako.

Jana, kabla sijaipandisha stori hii, nilimpigia mama nikamwambia nataka nimsomee nilichoandika.

"Usinisomee," akasema. "Nitumie."

Nikamtumia. Ikapita saa nzima na nusu. Ana miaka hamsini na sita, anavaa miwani, na bado midomo inacheza akisoma.

Akanipigia.

"Pale kwenye runinga, umeandika nililia."

"Hukulia?"

"Sikulia. Futa."

Nimefuta.